Waliokuja Bila Kuitwa

Jumatatu, 23 Septemba 2002

Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi, ikapiga mabati ya chuo mpaka nikaacha kufundisha kwa dakika ishirini. Hakuna aliyeona tofauti. Promosioni yangu, darasa la mwaka wa pili la walimu wa kesho wa hesabu, ina majina ishirini na saba. Leo walikuja kumi na tisa. Wanaandika ninachoandika ubaoni, na nikifuta wanaacha. Nikiuliza, "Mumeelewa?" wanaitika, "Ndiyo, Mwalimu," kwa sauti moja, kama watu walio misani huku mawazo yao yako sokoni.

Baada ya vipindi shefu wetu, mkuu wa idara, mzee Thaddée Lushombo, aliniita. Anataka nimweleze kwa maandishi kwa nini wanafunzi hawajishughulishi tena na masomo.

"Lakini usiniandikie vita, Rénovat," alisema. "Vita naijua. Niandikie kitu kingine."

Ndiyo sababu ya daftari hili. Nitaandika ninachokiona siku kwa siku, halafu nitachuja. Ninachokiona leo ni uvivu.

Jumatano, 25 Septemba

Nimemwita ubaoni Spès Irakoze. Ni binti wa Sange, bondeni Ruzizi. Kwao wanasema Kirundi, na hapa Uvira anakaa kwa shangazi yake, mtaa wa Kavimvira. Huketi peke yake kwenye benchi la mwisho, benchi la watu wanne.

Nilimpa zoezi: aonyeshe kwamba ukijumlisha namba witiri kuanzia moja, yaani moja na tatu na tano na kuendelea, kila mara unapata mraba kamili. Alisimama na chaki mkononi. Nikamwambia aandike fomula niliyowapa Jumatatu. Hakuandika. Nikasema, "Dada, hapa si shamba la mihogo. Hatukai kungoja mvua."

Darasa lilicheka. Aliyecheka kuliko wote ni Gaspard Kashindi, kijana wa Kalundu, mwenye akili kuliko wenzake. Spès aliweka chaki polepole, akarudi kwenye benchi lake.

Naona nimefanya vizuri. Mimi pia nilifundishwa kwa aibu, na nilijifunza.

Ijumaa, 27 Septemba

Mvua. Wamekuja kumi na wanne. Spès hakuja jana wala leo.

Jumatatu, 30 Septemba

Amerudi. Nilikusanya madaftari kusahihisha, na katika la kwake sikukuta fomula hata moja. Nilikuta nukta. Nukta moja, kisha tatu zimeizunguka kwenye kona, zikawa mraba wa nne, kisha tano, ukawa mraba wa tisa. Kurasa mbili za nukta, na chini yake sentensi moja: *Haiwezi kukosa, kwa sababu kila safu mpya inaongeza pande mbili na kona.*

Nimefundisha somo hili miaka sita. Sijawahi kuliona hivyo.

Nilimngoja kwenye varanda. "Kwa nini hukusema haya ubaoni?"

"Mwalimu, haukuniuliza namna minye nafanyaga. Ulisema niandike ya kwako."

"Nani alikufundisha hii?"

"Baba. Anapandaga mihogo hivyo." Alisema hivyo akitazama miguu yake, na nikajua neno langu la Jumatano lilimwingia wapi.

Sikuomba radhi. Nilimrudishia daftari nikasema, "Ni vizuri."

Jumatano, 2 Oktoba

Wanajeshi wa nchi jirani wanaondoka. Malori yao yanapita kuelekea kaskazini tangu jana, na watu wamesimama kando ya barabara bila kupiga makofi wala kulia. Kila mtu anauliza kwa sauti ya chini nani atakuja nyuma yao. Mama Merdi, mke wangu, amejaza maji katika kila chombo cha nyumba.

Darasani walikuwa kumi. Niliandika mazoezi manane ubaoni nikasema, "Leo kila mtu achague lake, na alifanye kwa njia yake. Mukipenda, fanyeni wawili wawili." Walinitazama kama mtu aliyelewa. Kisha taratibu wakaanza kusogea, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti nikasikia wanafunzi wakibishana juu ya hesabu.

Spès alibaki peke yake. Nilimwambia Gaspard aende kwake. Akasimama.

"Mwalimu, usiniweke na huyo. Watu wake ndio walituletea vita."

Spès hakuinua kichwa. Nami nikasema, "Haya, tuendelee na kazi." Ndicho nilichosema, na hakuna zaidi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nilikuwa nikimwona Shefu Thaddée kama polisi. Kila asubuhi anapita darasa kwa darasa na daftari kubwa la majina, jalada jeusi, jina na mahali mtu anapotoka, na anaweka alama. Leo aliniambia tutembee pamoja. Kumbe kila Jumamosi anachukua daftari lile na kwenda kwa miguu nyumbani kwa waliokosa. Ana miaka sitini na mmoja, na goti moja halikunji vizuri.

Gaspard alikosa juzi, kwa hiyo tulifika Kalundu. Mama yake, Anne-Marie, alikuwa anaanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kwenye mchanga. Alitupa viti akabaki amesimama. Ndipo nikajua: mwana wake wa kwanza, Pontien, aliuawa mwezi wa tatu kwenye barabara ya bondeni alipokwenda kuuza samaki. Gaspard ndiye aliyembeba.

"Tangu siku ile hasemi hapa nyumbani," alisema mama. "Anakula, anatoka. Huko kwenu anasemaga?"

"Anasema sana, mama," Shefu alijibu. "Wenzake wanamusikiliza."

Mama aligeuka akapangusa uso kwa ncha ya kitenge.

Njiani Shefu alisimama kupumzisha goti. "Unadhani napenda kuandika majina, mudogo wangu? Muntu anatoka nyumbani asubuhi kama anajua kuna mahali wataona akikosa. Wakiacha kumwona, ataenda kutafuta mahali pengine. Na siku hizi mahali pengine ni porini."

Jumanne, 8 Oktoba

Kumi na sita.

Jumatano, 9 Oktoba

Gaspard alichagua zoezi la namba witiri, lile lile. Aliliandika kwa fomula, safi, bila kosa. Msichana wa benchi la mbele akauliza, "Lakini kwa nini inatokea mraba?" Gaspard akarudia fomula. "Nimeona," akasema msichana, "lakini kwa nini?" Gaspard akakwama.

Kutoka nyuma sauti ikasema, "Naweza kuonyesha?"

Nilimtazama Gaspard, si Spès. Aliinua mabega. Spès akaja mbele, akatoa maharagwe ndani ya kitambaa, akapiga magoti sakafuni akaanza kupanga. Wanafunzi waliacha mabenchi wakamzunguka. Alipofika safu ya nne Gaspard naye alikuwa ameinama. "Ngoja. Na ukianza na mbili?" "Haitakuwa mraba. Itakuwa na upande mmoja murefu." "Onyesha." Akaonyesha. "Basi hiyo nayo ina fomula yake," Gaspard akasema, akaenda ubaoni kuitafuta, na Spès akamsahihisha alama moja, na Gaspard akafuta kwa kiganja bila neno.

Hawakuagana walipotoka. Lakini walikuwa kumi na wanane leo, na mvua ilikuwa kubwa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimempa Shefu kurasa nne. Alisoma akiwa amesimama dirishani.

"Uvivu umeufuta," alisema.

"Niliufuta, Shefu."

"Unasema wakichagua wenyewe wanaamka. Unasema wakionekana kwamba wanaweza, wanarudi kesho. Vizuri, nakubali." Akanirudishia karatasi. "Haukuandika kitu juu ya yule anayekaa peke yake kwenye benchi. Anachagua, anaweza, na hana wa kumwambia 'songa nikae'. Huyo atavumilia mwaka mmoja."

Nikasema mambo hayo ni ya wanafunzi wenyewe, ni ya vita, si ya mwalimu wa hesabu.

"Na weye ukiwa nani?" aliniuliza. Hakuwa na hasira. Alingoja jibu kweli, nami nikakunja karatasi zangu nikatoka.

Jumapili, 13 Oktoba

Mai-Mai, wapiganaji wa milimani, wameshuka. Milio ilianza milimani kabla ya misa, ikateremka haraka. Tumelala chini chumbani mimi, Mama Merdi na mtoto, magodoro yamesimamishwa ukutani. Kufikia saa nane mchana sauti barabarani zilikuwa zinaimba. Mji umebadilisha wenye kuutawala.

Jumanne, 15 Oktoba

Shefu Thaddée alikuja uani asubuhi, viatu vimejaa matope. Ametoka chuoni. Alikuwa na daftari la majina chini ya koti. Alimwomba mke wangu moto.

"Hapa kuna jina na mahali pa kila mwanafunzi," alisema. "Watakuja kuuliza nani ni wa bondeni. Na hawa wakiondoka, watakuja wengine kuuliza nani ni wa milimani. Minye ndiye niliandika safu hiyo. Nilifikiri inanisaidia kuwafikia nyumbani."

Alichuchumaa mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, goti lile limenyooshwa kando, akachana ukurasa mmoja mmoja. Kabla ya kuutia motoni aliusoma kimya, midomo ikitembea. Kazi ile ilimchukua saa nzima. Mke wangu alimletea uji, ukapoa pembeni yake.

Jumatano, 16 Oktoba

Naandika mchana, mlango umefungwa. Lazima niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Asubuhi milio ilitulia, nikatoka kutafuta unga. Kwenye daraja la Mulongwe Mai-Mai waliweka bariyeri, kizuizi cha barabara: vijana wenye majani kichwani, na mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole. Watu walipita mmoja mmoja. Mbele yangu, baada ya watu wanne, alikuwa Spès na bidoo, dumu la maji. Nyuma yangu kidogo nilimwona Gaspard amebeba beseni la ndagala la mama yake.

Mkubwa alimuuliza Spès anatoka wapi. Akasema Kavimvira. Akamuuliza kwao ni wapi. Akasema Sange. Alimsikiliza namna anavyotamka, akamwambia aweke bidoo chini. Kando ya daraja wanaume wawili walikuwa wamekalishwa kwenye matope, mikono kichwani. Alimwonyesha mahali pale.

Spès aligeuka akatazama mstari. Akaniona. "Yule iko mwalimu wangu," alisema.

Mkubwa alinijia. "Mwalimu, unamujua huyu? Iko wa nani?"

Namjua. Najua mwandiko wake, najua anavyobana kalamu, najua shamba la baba yake linavyopandwa. Nilitazama bunduki, nikatazama viatu vyangu, na nikasikia mdomo wangu unasema:

"Nina wanafunzi wengi."

Beseni liligonga lami. Gaspard alipita kando yangu.

"Minye namujua. Anaitwa Spès. Iko wa promosioni yetu."

"Na weye ni mwana wa nani?"

"Wa Kashindi, Kalundu. Kaka yangu waliua njia ya bondeni mwezi wa tatu. Uliza muntu yeyote hapa."

"Na unamutetea muntu wa bondeni?"

"Si yeye aliua." Hakurudi nyuma. "Nasoma naye. Ukimukamata utatukamata sisi wawili."

Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Ni mwana wa Anne-Marie, huyo. Hasemi uongo." Mkubwa alimtazama Gaspard muda mrefu. Kisha akawaambia vijana wachukue nusu ya ndagala, na akapunga mkono. Spès akainua bidoo yake. Walipita daraja pamoja, hawakutazamana, wala hawakugeuka kunitazama.

Niliporudi na unga, wanaume wawili wa kwenye matope hawakuwapo tena.

Alhamisi, 17 Oktoba

Sikutoka.

Jumamosi, 19 Oktoba

Waasi walioushika mji kabla ya Mai-Mai wamerudi kwa mizinga na wameuchukua. Milio tangu alfajiri. Nyumba ya jirani imepasuka ukuta. Merdi ameacha kulia. Anatazama tu, na hilo ni baya zaidi.

Jumanne, 22 Oktoba

Ilikuwa kama Shefu alivyosema. Jana askari wa hao waliorudi walifika chuoni wakadai daftari la majina, wajue ni nani hakuonekana wiki ile, ni nani aliyefuata Mai-Mai. Shefu alikuwa peke yake ofisini. Aliwaambia hakuna daftari. Wakamwambia mtu aliyeita majina miaka ishirini hawezi kukosa orodha. Akawaambia ameichoma.

Walimpiga pale pale, wakampeleka kambini. Leo mchana wamemtupa nje ya kambi. Mabinti zake walimleta nyumbani kwa toroli. Nilipofika alikuwa amelala upande mmoja, anapumua kwa shida. Aliniuliza jambo moja: nimeona nani, na yuko wapi. Nikamtajia wanafunzi niliosikia habari zao. Aliitikia kwa kichwa kila jina. Nilipofika kwa Spès nikasema, "Yuko mzima," nikaishia hapo.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua. Chuo kimefungwa.

Jumatatu, 4 Novemba

Tumefungua. Madirisha matatu hayana vioo, na mtu ameng'oa mlango wa darasa letu kwa kuni. Hakuna daftari, hakuna wa kuita majina, Shefu bado yuko kitandani. Nilikwenda nikiwa na hakika nitakuta mabenchi matupu. Mtu akikosa leo, nani atajua?

Walikuwa ishirini na mmoja. Nilihesabu mara mbili.

Msichana wa benchi la mbele alinieleza. Gaspard alizunguka Kalundu na Kimanga, Spès alipita Kavimvira mpaka Kilibula, na wengine mitaa yao, wakiambiana tarehe. Wanajua na walipo wasiokuja: wanne wako ng'ambo Burundi na wazazi wao, mmoja amepanda kwa ndugu zake Lemera, na Ildephonse, kijana mpole aliyekuwa akifuta ubao, alizikwa tarehe ishirini. Walisimama wenyewe kwa ajili yake bila mimi kuwaambia.

Spès ameketi benchi la pili, wasichana wawili kulia na mmoja kushoto. Gaspard hakunisalimu. Alifanya mazoezi yote, akajibu kila swali, na hakunitazama usoni hata mara moja.

Jumatano, 13 Novemba

Wanafanya kazi kama watu wanaojenga nyumba kabla ya mvua kubwa. Wamegawana sura za kitabu, kila watu watatu sura yao, na wanafundishana. Mimi napita katikati yao. Nilidhani ningefurahi.

Mama Merdi alinikuta nimekaa na daftari hili. "Baba Merdi, miezi miwili unaandika wanafunzi wanahitaji nini. Weye je?"

Hata yeye sijamwambia ya darajani.

Jumapili, 17 Novemba

Shefu Thaddée amekufa asubuhi hii, damu ilivuja ndani bila mtu kuiona. Tumemzika saa tisa, udongo mzito kwa maji. Wanafunzi walibeba jeneza kwa zamu, na Gaspard na Spès walikuwa upande mmoja. Binti yake alisema kwamba siku za mwisho alikuwa akitaja majina kwa mpangilio wa alfabeti, akiogopa kuyasahau.

Jumatano, 20 Novemba

Baada ya kipindi nilimwomba Spès abaki varandani. Mvua ilikuwa ikishuka kwenye ua.

"Siku ile darajani," nikasema, "sikuwa nimesahau jina lako. Niliogopa. Nilikukana kwa sababu niliogopa."

"Mwalimu, minye nilikaa siku tatu najiuliza kama kweli haukunijua. Tangu Agosti niko kwenye darasa lako, na haunijui. Hiyo iliniuma kupita bunduki yao." Alivuta kitenge mabegani. "Kama ni woga, woga naujua. Hata minye naogopa kila siku ninapokuja hapa."

"Nisamehe."

"Sijui bado." Alisema taratibu, kama mtu anayepima kabla ya kuandika. "Lakini si minye peke yangu niliyesikia neno lile. Waambie bote."

Alhamisi, 21 Novemba

Nimewaambia. Sikukaa kitini, nilisimama mbele yao na mikono mitupu. Nilieleza daraja, swali la mkubwa yule, na maneno yangu matatu nikayatamka tena, neno kwa neno: "Nina wanafunzi wengi." Nikasema Gaspard alifanya kazi iliyokuwa yangu. Nikasema pia kwamba siku alipomkataa Spès mbele ya wote, kazi ile ilikuwa yangu, nami nikakimbilia mazoezi.

Gaspard alisimama. Nilidhani anatoka.

"Mwalimu, wale wanaume wawili waliokaa kwenye matope. Uliuliza majina yao?"

"Hapana," nikasema.

Alitazama benchi, akatazama mikono yake. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyapangusa.

"Hata minye sikuuliza."

Spès alisogea kwenye benchi. Gaspard akaenda akaketi pale. Nami nikaketi kwenye benchi la mbele, kati ya wanafunzi. Kipindi kilikwisha, tukasikia madarasa mengine yakitoka, miguu ikikimbia kwenye mvua. Kwetu hakuna aliyeondoka.